Tiara Iliyokunjika Nje ya Mwamba



Majuma mawili yaliyopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Kwale, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi ya daftari la shule. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini ambaye sisi wenyewe tulimsomesha alifu na bee, hufanya kazi katika ufuo wa Galu, kusini ya Diani, ya kutia upepo zile tiara kubwa zinazowavuta watu juu ya maji. Alasiri moja ya Kusi kali, tiara aliyoijaza yeye ilikunjika angani nje ya mwamba, ikaanguka, na mawimbi yakaiburura juu ya matumbawe hata ikararuka. Mchezaji aliokolewa na mashua ya wavuvi akiwa mzima, alhamdulillahi, ila miguu imechunika. Mwajiri akahukumu palepale kwamba kijana hakuijaza sawasawa, na kwamba thamani ya tiara itakatwa katika ujira wake, mwezi baada ya mwezi, hata ikamilike. Mama auliza: mwanangu ni mdhamini au si mdhamini? Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameongeza kuwa karo ya mdogo wake hutoka katika ujira huohuo.

Twakiri kwamba jawabu tulikuwa nalo kabla ya kuikunja barua. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa mtu aliyeajiriwa ni mkono wa amana. Kikiharibika kitu alichokabidhiwa, hakilipi, isipokuwa amevuka mpaka au amefanya taksiri, yaani amepunguza katika lililompasa. Tukashika kalamu tuandike hivyo. Kalamu ikasita. Kupunguza ni kupunguza katika kiasi, nasi hatukujua tiara hula upepo kiasi gani. Mafakihi waliotutangulia walipoulizwa juu ya kasoro ya mnyama au ya jengo walikuwa wakiwaita wajuzi wa kazi hiyo kabla ya kutoa hukumu. Basi Jumamosi, baada ya Adhuhuri, tukavuka kivuko cha Likoni, tukaenda Galu.

(Msomaji anayengoja tuandike juu ya mavazi ya ufuoni atangoja sana. Tulikwenda kwa ajili ya tiara.)

Tiara za utotoni mwetu tulizitengeneza kwa chelewa za kuti, karatasi na uji wa unga kuwa gundi. Chelewa ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo; pasipo chelewa, karatasi ni karatasi. Hizi za Galu hazina kijiti hata kimoja. Mbele zina bomba refu la kitambaa, limepinda kama mwezi mchanga, na kutoka katika bomba hilo hushuka mbavu tatu au tano, nazo ni mabomba membamba. Ndani ya kila bomba mna kibofu chembamba cha plastiki, mfano wa kile cha ndani ya mpira wa miguu. Kibofu huzuia hewa isitoke, na kitambaa kigumu cha nje huzuia kibofu kisipasuke. Wazo hili ni la ndugu wawili wa Brittany katika Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioliandikisha kwa haki ya uvumbuzi mwaka 1984. Haja yao ilikuwa tiara inayoweza kuanguka baharini, ikaelea, kisha ikarushwa tena na mtu aliye majini. Kijiti kingevunjika; hewa haivunjiki.

Sisi watu wa Pwani tuna neno lililo karibu zaidi. Bomba la mbele ni foromali. Kila aliyepanda ngalawa ajua kwamba tanga bila foromali ni nguo inayopigwa na upepo tu. Hii ni foromali iliyofanywa kwa pumzi, na uimara wake wote ni ile pumzi. Hapo tulianza kuona kwamba kazi ya mwanafunzi wetu haikuwa ya kitoto, kama tulivyokuwa tukiidhania kila tulipomwona akipita na pampu begani.

Aliyetufunza ni mkubwa wa vijana wale, ambaye wenzake humwita fundi. Hakuanza na pampu, alianza na upepo. Alisimama akiupa mgongo, akaikunjua tiara mbele yake, bomba la mbele likiwa upande wake na kitambaa kikipeperuka kuelekea anakokwenda upepo. Kisha akafunga kikamba cha pampu kwenye kitanzi kilicho katikati ya bomba, maana tiara iliyojaa nusu, isiyofungwa popote, ni mnyama aliyekata kamba, nasi ufuoni tulikuwa na watoto wanaookota kombe. Akahakikisha mlango mkubwa wa kutolea upepo umefungwa na umefutwa mchanga. Ndipo akaingiza mrija katika vali, akaweka miguu yote miwili juu ya kitako cha pampu, akatukabidhi mpini.

Tulikunja kanzu na kushika kazi. Mapigo ya kwanza ni mepesi, hata mjukuu wetu angeyaweza. Bomba likaanza kuinuka mchangani, likajipinda, mbavu zikasimama, na kabla jasho halijatoka tiara ilikuwa na umbo lake lote. Tukamwambia fundi, imejaa. Akacheka kwa adabu, akasema, "Sheikh, hapo imeshiba macho tu."

Maneno yake tuliyapima baadaye kwa hesabu, tukayakuta ni kweli tupu. Hewa inayotuzunguka hapa usawa wa bahari hukandamiza kila kitu kwa ratili 14.7 kwa kila inchi ya mraba, na hiyo geji haiihesabu. Yenyewe husoma ile inayozidi hapo. Tiara ikitakiwa isome saba, basi ndani yake lazima iongezwe karibu nusu ya hewa yote iliyokwisha kuingia. Yaani, ikiwa ulipiga mapigo mia hata umbo likatimia, yamebaki kama hamsini, na hayo hamsini ndiyo mazito, kila moja zito kuliko lililotangulia. Hapo ndipo mtu aliyechoka, aliyeamshwa na adhana ya Alfajiri na tangu asubuhi amejaza tiara kumi, hushawishika kusema imejaa. Sisi tulifika tano, mkono ukagoma. Fundi akamalizia.

Alipokuwa akimalizia alikuwa hatazami geji. Alitazama ncha mbili za tiara, kama zanenepa sawasawa. Ncha moja ikibaki nyembamba, kibofu kimejisokota ndani, na dawa ni kuacha, kutoa upepo na kukinyoosha, ukilazimisha, kitapasuka. Kisha akachomoa mrija haraka, akaziba vali, akalipiga bomba kwa kidole kama tunavyopiga dafi kujua kama lina maji. Lililia kwa sauti kali ya juu. Akatupeleka kwenye tiara nyingine iliyolegea, akaipiga: sauti nzito, ya chini, kama mto wa sufi. Halafu akashika ncha ya ile ya kwanza, akaikunja kuelekea ndani, ikakataa, ikarudi. Ya pili ilifanya kunyanzi moja la ndani, likabaki pale alipolikunja.

Na kunyanzi hilo ndilo lililomzamisha mchezaji wa kisa chetu. Foromali ya mti ikielemewa hupinda polepole kwa urefu wake wote, na nahodha hupata nafasi ya kulegeza tanga. Foromali ya hewa haipindi hivyo. Hukaa imara hata mpaka fulani, kisha hukunjika mahali pamoja, ghafula, na tiara hugeuka kipande cha nguo kilichosokotana na kamba zake. Rasha la upepo huchagua wakati mbaya: tiara ikiwa juu, mtu akiwa ananing'inia. Na bomba lililolegea likianguka majini halijiviringishi likainuka tena, hujikunja likajaa maji. Zaidi ya hayo, tiara yenye pumzi ni chombo cha kuokokea. Mchezaji aliyekatikiwa huzikunja kamba zake, akaishika tiara kwa ncha kama tanga, upepo ukamrudisha pwani. Ndiyo sababu, baada ya kujaza, fundi hubana vile vibanio vidogo kwenye mirija inayounganisha bomba la mbele na mbavu: bomba likitoboka, mbavu zibaki na pumzi zake zimweleze mtu.

Basi kwa nini isijazwe hata igome, mtu akalala usingizi? Kwa sababu ukizidisha, kibofu hupasuka au mshono wa kitambaa huachia, na fundi alituonyesha kibofu kimoja chenye mpasuko wa urefu wa dhiraa. Kiasi ndicho kilichotupeleka Galu, nacho tulitaraji kukikuta ni namba moja. Hakikuwa moja.

Tiara kubwa, za mita 12 za mraba na kuendelea, kwa kawaida hutakiwa ratili sita au saba. Zile ndogo za mita saba au pungufu hutakiwa nane, hata tisa, na kila mtengenezaji ana lake, ambalo wengi wao huliandika karibu na vali. Tulidhani tumesikia vibaya, kwani akili husema kikubwa hula zaidi. Lakini jambo lina sababu. Nguvu ya bomba kukataa kukunjika hutegemea presha yake na unene wake, na unene ndio mwenye sauti kubwa: upunguze unene kwa nusu, presha ikiwa ileile, na nguvu hiyo hubaki thumuni. Kwa hiyo bomba jembamba la tiara ndogo hulazimika kufidia wembamba wake kwa presha. Kwa upande wa pili, presha ileile hukivuta kitambaa cha bomba nene kwa nguvu zaidi kuliko cha bomba jembamba, ndiyo maana tiara kubwa ukiipa tisa waweza kuipasua. Sasa msomaji aongeze hili: tiara ndogo hutumiwa siku upepo ni mkali. Bomba jembamba kuliko yote ndilo hukutana na Kusi iliyochafuka.

Tukauliza, ile iliyochanika ilikuwa mita ngapi? Saba.

Jioni ile tuliketi na mwanafunzi wetu juu ya shina la mnazi ulioanguka. Alikuwa hataki kutazama baharini. Tulimuuliza alifikisha ngapi. "Saba, Maalim. Niliambiwa saba kwa zote." Nani alimwambia? Mwajiri, siku ya kwanza ya kazi, na tangu hapo hapana aliyemwambia jingine. Maandishi yaliyokuwa karibu na vali yalikwisha kufutwa na mchanga na jua, hata hayasomeki. Aliijaza saa ngapi? Saa nne asubuhi. Ikarushwa saa ngapi? Baada ya saa nane, kwa kuwa mgeni alikwenda kula. Na muda huo wote ilikuwa wapi? Mchangani, imelazwa kifudifudi, bomba likielekea upepo, mchanga umemwagwa juu ya kitambaa isipeperuke. Hilo alilifanya kama inavyopasa. Aliigusa tena kabla ya kurushwa? Akanyamaza kidogo. Akasema aliigusa, nayo ilikuwa ngumu.

Hapa twamwomba msomaji asihukumu haraka, kwa kuwa nasi tulitaka kuhukumu haraka. Hewa ikipata joto ndani ya chombo kisichotanuka, presha hupanda, ikipoa, hushuka. Hewa iliyopimwa ratili saba ikiwa na joto la digrii 45 ndani ya bomba lililopigwa na jua, ikipoa hadi digrii 27 kwa kurushiwa maji ya bahari, itasoma chini ya sita, bila pumzi moja kuvuja. Na jua lenyewe hulainisha gundi ya vali, upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo pasipo mtu kusikia. Basi tiara iliyolala juani saa nne yaweza kuwa imevuja, na bado ikishikwa ikawa ngumu, kwa sababu joto limejaza pale palipopungua. Huingia majini ikiwa imara, na ugumu wake huishia huko nje. Fundi alituambia kwamba yeye hujua hila hii, na tiara iliyokaa juani huimwagia maji kwanza, akangoja, ndipo akaipiga kidole, akaiongeza kinachohitajika. Vali anayoishuku huipaka povu la sabuni, kama mtengeneza baiskeli anavyotafuta pancha. Nani alimfunza? Hakuna, alijifunza kwa tiara zilizomharibikia miaka ya mwanzo, enzi ya mwajiri ambaye hakumkata chochote.

Palibaki jambo moja ambalo kijana hakulisema, likasemwa na fundi: mchezaji mwenyewe, kabla ya kurushwa, ana wajibu wa kuigusa tiara itakayombeba. Ndiyo ada ya mchezo huo kila mahali. Yule hakuigusa. Alitoka chakulani, akavaa mkanda wake wa kiunoni, akatoa ishara.

Siku ya pili tulimwendea mwajiri. Ni mtu muungwana, alitukaribisha kahawa, na hatuoni kwamba alikusudia dhuluma. Alikuwa na hasara ya kweli mkononi; tiara mpya ya namna ile bei yake hupita shilingi laki moja, na msimu wa Kusi haungoji mtu. Alisema, "Sheikh, mimi nilimpa kipimo. Nilimwambia saba." Tukamwambia kwamba hilo halina mabishano, kijana naye asema hivyohivyo. Tukamuuliza, katika tiara zako, ipi hutakiwa saba? Akainuka, akaenda kwenye rafu, akazishusha moja moja, akizisogeza karibu na dirisha apate kusoma. Tano kati yake hazikusomeka. Moja ya mita sita ilisomeka: nane na nusu. Alikaa nayo mapajani kitambo, kisha akasema hakuwa akijua kwamba imeandikwa.

Hatukumwongezea neno, kahawa ilikuwa imepoa, tukainywa hivyo.

Sasa jawabu la mama. Kijana alipewa kiasi na aliyemwajiri, akakitimiza. Kiasi kilikuwa si chake tiara ile, lakini hakukitunga yeye, wala hakuwa na maandishi ya kumkanya. Aliilaza kama inavyolazwa. Aliigusa, ikamdanganya kwa namna ambayo ingemdanganya yeyote asiyefunzwa habari ya joto. Taksiri haithibiti kwa dhana, na asili ya dhima ya mtu ni kuwa haina deni hata paje ushahidi. Hatukuona ushahidi. Kwa hiyo si mdhamini, na kilichokwisha kukatwa ni haki yake arudishiwe. Mwajiri tulimweleza hivi mbele ya mashahidi wawili. Alikubali kusimamisha makato mwezi huu. Kuhusu kurudisha yaliyopita ameomba muda, na muda tumempa hadi mwisho wa mfungo sita. Karo ya binti mdogo kwa muhula huu imelipwa na watu wawili wa msikiti ambao hawakutaka kutajwa.

Hukumu hii, hata hivyo, ni ya tiara iliyopita. Kijana tulimwambia faraghani, na twaiandika kwa idhini yake, kwamba tangu siku aliyoketi nasi juu ya mnazi ule amekuwa mjuzi. Ameambiwa kwamba ndogo hutaka zaidi, na kwamba jua huficha uvujaji. Ikitokea mara ya pili, jawabu letu halitakuwa hili. Alisema, "Naam, Maalim, nimefahamu," na kesho yake fundi akatuletea habari kwamba amekopa rangi nyeupe ya mashua na sasa yu kibandani anaandika kiasi cha kila tiara juu ya mfuko wake, kwa tarakimu kubwa, na zile zisizosomeka amemwomba mwajiri awaulize waliozitengeneza.

Wallahu aalam.